Mkono wa Baba Mkwe

Kifaru tulikipata, ndege tukaikosa. Wiki nzima ilikuwa hivyo, na asubuhi ile ikawa hivyo tena, ukungu wa Kipengere ukiwa umetukalia mabegani kana kwamba nao umechoka kupanda mlima.

Kifaru chenyewe kilikuwa mzoga tuliouopoa mtoni, tukaufungia injini ya trekta ili ukimbie bila dereva. Kijiti, mzinga wetu mpya mwembamba, kilikitazama kikikata kona uwanjani, kikangoja, halafu kikapiga mshale mmoja pale mnara unapokutana na mwili, penye ufa wa upana wa kidole. Kifaru kikazimika. Askari wawili wakainua mzinga wao, mmoja mtutu, mwingine sanduku, wakakimbia nao hadi nyuma ya mwamba kabla moshi haujaanza kutoka. Hilo la kukimbia nao ndilo nililolitaka tangu mwanzo, mengine yote yalikuwa nyongeza.

Kisha ikaja ndege. Rubani wetu alishuka kutoka mawinguni na ndege yake ya katani, isiyo na chuma hata cha kutosha sindano, isiyosikika mpaka iko juu ya kichwa chako. Kijiti kikamrushia mishale ya chaki tuliyoiweka kwa ajili ya majaribio. Alipotua tuliizunguka ndege tukikagua mbawa, na hatukuona hata vumbi la chaki. Rubani alituonea huruma, akasema labda jua liliuumiza mtambo macho. Jua lenyewe hatukuwa tumeliona tangu Jumapili.

Niseme kidogo kuhusu mizinga, maana watu wengi wanadhani ni bomba na baruti tu. Mzinga wa kuvunja kifaru unataka nguvu. Wenye vifaru wakiona nguvu wanaongeza unene wa chuma, nasi tukiona unene tunaongeza mzinga, na mwisho wa ushindani huo ni mzinga wa kuburutwa na lori, ambao lori likikwama mmekwisha. Mzinga wa kutungua ndege unataka wepesi wa kugeuka, kwa sababu ndege haikungoji umalize kuzungusha gurudumu. Waliotutangulia walijaribu kuvifungisha ndoa vitu hivi viwili, wakazaa mzinga usiofaa huku wala kule. Mume wangu, Lwitiko, alikufa kwenye daraja la Lufilyo akiwa ameshika gurudumu la mzinga wa aina hiyo. Yeye na wenzake walikuwa wanautoa kwenye tope huku vifaru vya adui zetu, Mabonde, vinakuja. Wangeuacha wakakimbia, wangepona, lakini hawakuuacha kwa kuwa ndio huo tu waliokuwa nao.

Mimi ni Mkinga. Mababu zangu walifua majembe kwenye milima hii, na baada ya kufiwa nikasema nami nitafua kitu ambacho mtu anaweza kukimbia nacho. Mshale mdogo, mwembamba, mgumu, hauhitaji nguvu nyingi ukipiga pale palipo pembamba. Ila ili upige pale pale, lazima ujue dereva ataelekea wapi kabla yeye mwenyewe hajajua. Kazi hiyo inafanywa na lile sanduku, ambalo askari walilibatiza jina la Mganga. Mganga hatazami chuma, anatazama mazoea ya mtu aliye ndani yake. Madereva wa vifaru vya Mabonde walifunzwa kwa kitabu kimoja, na Mganga alikimaliza kitabu hicho upesi. Marubani ndio waliomshinda. Ndege zisizo na rubani pande zote mbili tuliziacha zamani, baada ya kujua kuvurugiana mawimbi hadi zikawa zinapotea njia na kuangukia mashamba ya viazi, kwa hiyo angani walirudi watu, na watu wana vituko vyao.

Kanali Ndimbwa hakunigombeza. Aliketi juu ya kreti tupu, buti zimejaa tope, akatazama mbawa safi za ndege ile kwa muda mrefu. Akaniambia kwamba jana yake saa kumi alasiri, saa yao ileile, Mabonde walipiga tena Kasyeto, mji wetu wa chini kwenye mto, kwenye foleni ya mashine ya unga. Akasema watu wa Kasyeto wanamwuliza hawa mainjinia wa mlimani wanakula kwa kazi gani. Kisha akaniuliza juu ya Mzee Mwakibete.

"Unakaa naye nyumba moja," alisema. "Marubani wote wamepita mikononi mwake. Wetu na wao."

Nikamjibu kwamba nakaa naye, ila hatusemezani. Alidhani tumegombana. Ikabidi nimweleze kwamba yule ni baba mkwe wangu, na kwao Rungwe mkwe wa kike hamkaribii baba mkwe. Hamsalimii mdomo kwa mdomo, hapokei kitu mkononi mwake, na wakikutana njiani mmoja anageukia porini mpaka mwingine apite. Watu wengi wameacha, lakini mzee hakuacha, na mimi niliingia nyumba ile nikiwa nimekubali. Kanali, mtu wa mbali asiyejua mambo hayo, alicheka kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. Alipomaliza kucheka akasema anamtaka mzee kwenye kiti cha majaribio, ili Mganga ausome mkono wake, na jinsi ya kumwambia ni juu yangu.

*

Nyumbani kwetu aliyefikisha maneno alikuwa mama mkwe, Bibi Tupokigwe. Wajukuu walimwita redio ya upepo, akiwemo binti yangu Gwantwa, kabla sijampeleka kwa dada yangu mbali na mabomu. Ilikuwa redio yenye akili yake. Maneno ya mzee aliyafupisha, ya kwangu aliyatia sukari, na yale asiyoyapenda yalipotea njiani.

Jioni ile nilikaa jikoni, mzee akakaa sebuleni, mlango wazi kati yetu na Bibi amesimama kwenye kizingiti na mwiko mkononi. Nilieleza yote nikiwa nimeangalia sufuria. Mzee alikuwa anasikia kila neno, lakini aliketi kimya mpaka Bibi alipoyarudia kwa Kinyakyusa, maana ndivyo inavyotakiwa. Kisha akajibu kwa Kiswahili, ili nami nisikie kabla sijaletewa.

"Mwulize mama Gwantwa," alisema, "hilo sanduku likishaujua mkono wangu, linaweza kuusahau?"

Nikasema naweza kufuta lililo karakana, ila kila mzinga unaotoka unaondoka na nakala yake.

Mzee alikuwa na vidole virefu ambavyo siku hizo vilikuwa vimeanza kutetemeka, hasa vya mkono wa kulia, na alizoea kuvikalia ili mkewe asivione. Akauliza Kasyeto walikufa wangapi kwenye foleni. Bibi hakungoja mimi nijibu, akamwambia ni wengi, na kwamba mmoja wao alikuwa mtoto wa rafiki yake Sekela, yule anayeuza vitumbua sokoni. Mzee akasema atakuja karakana kesho, kwa sharti moja, kwamba aambiwe jina la kila rubani atakayeanguka. Bibi alilifikisha sharti hilo bila kulipunguza, na hapo nikajua limemwingia.

*

Chuo cha Urubani cha Usangu kilikuwa kimoja nchi ilipokuwa moja, na Mzee Mwakibete alifundisha pale mpaka ilipogawanyika kuwa Nyanda na Mabonde. Chuo kilikuwa na ndege moja tu ya wanaoanza, kuukuu, iliyoitwa Mama Mkubwa. Kanyagio lake la kulia lilikuwa limekaza tangu zamani na kipuri hakikuja mwaka hata mmoja. Mwalimu hakuweza kungoja kipuri. Akawafundisha watoto wa watu kwamba wakitishwa angani, wasihangaike na upande wa kulia. Wajiangushe kushoto, washushe pumzi, ndipo wainuke. Baadaye walipanda ndege nzima, zenye makanyagio mazuri pande zote, lakini mtu akishtuka hakumbuki ndege aliyomo. Anarudi kwa Mama Mkubwa.

Mganga hakuwa amelijua hilo kwa sababu tulimlisha safari za kawaida, na kwenye safari ya kawaida hakuna anayeshtuka. Mzee alipoketi kwenye kiti na kushika fimbo ya kuongozea, nilimtazama kupitia kioo. Bibi ndiye aliyemfunga nyuzi za vipimo viganjani, akilalamika kwamba zinabana. Mimi nikazima na kuwasha vitisho kwenye skrini mbele yake: moto, moshi, mizinga chini. Kila mara mkono ule ulikwenda kushoto, ukatulia, ukapanda, na haukwenda hivihivi tu. Ulikuwa na mwendo wake, kuchelewa kidogo hapa, kuvuta kidogo pale, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake gizani. Nilikaa na mkono ule siku nyingi. Nikawa naujua kuliko nilivyoujua wa mume wangu, na sikuwa nimewahi kuugusa.

Tuliporudia majaribio ya chaki, rubani wetu alitua akiwa mweupe kuanzia mkia hadi vioo. Alishuka akicheka, halafu akaacha kucheka.

*

Mwezi uliofuata Kasyeto walipona. Sina neno lingine. Ndege za Mabonde zilikuja saa kumi kama kawaida, Vijiti vikazipokea kutoka kwenye paa, kwenye migomba, popote pale askari wawili wanapoweza kupiga goti, na ndege zikaanguka. Mashine ya unga ikafunguliwa. Sekela akarudi na kikaango chake, Bibi akawa anateremka sokoni kila siku ya gulio na kurudi na vitumbua vya baridi na umbea wa moto.

Mimi nilikuwa naleta majina. Kanali alinipa, mimi nikampa Bibi jikoni, Bibi akayapeleka sebuleni. La kwanza mzee alilipokea akasema alikuwa mwanafunzi mvivu lakini mwenye jicho zuri. La pili lilipomfikia, aliinuka akatoka nje. Baada ya hapo akaacha kula na wenzake, akawa anakaa nyuma ya nyumba kwenye benchi linalotazama bonde. Mkono ukazidi kutetemeka, na hakuukalia tena. Nilikuwa nimechoka sana siku hizo, uchovu ambao usingizi hauuondoi, na nilijiambia kwamba huzuni ya mzee mmoja ni nafuu kuliko foleni ya unga.

Halafu Kijiti kimoja kikaibwa. Hakuna cha ajabu, mzinga unaobebwa begani na mtu anayekimbia unabebwa pia na adui anayekimbia. Askari wetu wawili waliuawa kwenye migomba, na wa Mabonde wakaondoka na mtutu na sanduku kama wanaotoka sokoni. Wenye akili wako kila upande. Walitengeneza vingine, na Mganga wao alikuwa Mganga wetu, na mkono ulikuwa uleule. Marubani wetu wakaanza kuanguka, wote wakielekea kushoto. Yule aliyetua amepakwa chaki alikuwa wa pili.

Jina lake nililileta pia. Mzee alimwambia mkewe aniulize kama huyo naye nimemwangusha mimi au wamemwangusha wao, na Bibi akakataa kulifikisha swali hilo, ingawa nilikuwa nimesimama hapo hapo.

*

Asubuhi ya gulio Kanali alikuja karakana akiwa hajanyoa. Habari zilikuwa zimevuja kwamba saa kumi Mabonde wataleta ndege zao zote zilizobaki juu ya Kasyeto, zikiongozwa na Tusekile. Huyo nilimjua kwa sura. Alikuwa binti aliyekaa kwa mzee miaka yote ya chuo, akilala chumba kimoja na wifi zangu, na Bibi alimfundisha kupika kande. Saa hiyohiyo ndege zetu zitateremka kwenye bohari zao, ambako Vijiti vyao vinangoja. Kanali alikadiria nani atabakiwa na wangapi, na hakuonekana kufurahishwa na makadirio yake. Akasema marubani watakaopona watakuwa wameshaelewa na wataanza kubuni mwendo mwingine, kwa hiyo kesho anamtaka mzee tena kwenye kiti. Safari hii tumtishe zaidi, tupate na mwendo wa pili, ule wa mtu aliyekata tamaa. Niliitikia. Nikamweleza Bibi alipopita na kikapu chake, naye akarudi nyumbani kidogo kumwambia mumewe, kisha akateremka sokoni, maana tangu Vijiti vishike paa hakuna aliyeiogopa tena saa kumi.

Mchana nikasikia mlango wa karakana. Alikuwa mzee, peke yake. Hakuwahi kuingia mahali nilipo bila mkewe. Nikaruka kutoka kwenye kiti na kugeukia meza ya vyuma, naye akanipa mgongo na kugeukia ukuta wenye redio tuliyoitumia kuongea na marubani wa majaribio. Tukakaa hivyo, migongo ikitazamana. Akaanza kuuambia ukuta.

"Marubani wote bado wanausikiliza mkondo wa redio wa shule," alisema. "Wa huku na wa kule. Ni wa dharura, niliwakataza wasiufunge kamwe, na najua hawajaufunga. Nikisema sentensi moja pale, watanielewa, na hilo sanduku halitajua kitu tena."

Nikaiuliza meza litakuwa kipofu kwa wepi.

"Kwa wote. Vijiti vyenu na vyao. Wenu watarudi, na wao watafika Kasyeto." Akaongeza, "Tupokigwe yuko sokoni. Silifichi hilo. Mimi ufunguo wa redio sina, anao mama Gwantwa."

Nilimchukia. Niseme wazi, nilimchukia mzee yule kwa kuniletea jambo lile kana kwamba ni barua ya mtu mwingine. Kasyeto walikuwa wanakula. Nilijua harufu ya mashine ile ya unga, nilimjua Sekela na kikaango chake. Na upande wa pili walikuwa marubani wetu wakifunga mikanda muda huo, na Tusekile na kande yake, na kesho kile kiti, na mimi nyuma ya kioo nikimtisha mzee mpaka akate tamaa ili nimpime. Kisha tungeibiwa tena. Kisha ungetafutwa mwendo wa tatu.

Nikamfikiria Lwitiko kwenye tope. Kila nilipomfikiria nilikuwa namlaumu kwa neno moja tu, kwa nini hakuliachia gurudumu. Na mimi nilikuwa nimelishika langu mikono miwili.

Nikaifuta rekodi iliyokuwa karakana. Kisha nikafungua redio, nikaiweka kwenye mkondo wa shule, nikaweka kipaza sauti mezani na kurudi nyuma ili akichukue bila kukipokea mkononi mwangu.

Alikichukua. Kile kipaza sauti kina kitufe ambacho lazima ukibane muda wote unaoongea, na mkono wake haukuweza. Ulitetemeka, kitufe kikaachia, redio ikakata. Akaanza upya, ikakata. Maneno yalikuwa yanatoka vipande vipande, hakuna ambaye angeelewa. Akabadilisha mkono, ikawa vilevile. Sikuwahi kumwona mtu mzima akiwa na aibu kiasi kile.

Nikaenda nikaweka mkono wangu juu ya wake. Alishtuka, na alipotaka kujitoa nilikuwa nimeshamkinga, kwa sababu nilijua mkono ule utaenda kushoto na nilijua utachelewa wapi. Ukatulia. Ulikuwa wa baridi na mwepesi kuliko nilivyodhani. Nikabana kidole chake juu ya kitufe.

"Hapa Mwalimu," alisema. "Mama Mkubwa amepona mguu wa kulia. Narudia. Mama Mkubwa amepona mguu wa kulia."

Redio ikanguruma. Kisha sauti ya mwanamke, ya mbali, ikasema, "Nimekusikia, Mwalimu." Zikafuata nyingine, lafudhi za kwetu na lafudhi za kwao, moja baada ya moja, kila moja ikisema hivyohivyo tu.

*

Saa kumi tulikuwa nyuma ya nyumba kwenye benchi lake. Tuliketi pamoja, jambo ambalo kama Bibi angeliona angeangusha kikapu. Vijiti vya Kasyeto vilianza kulia bondeni, vikavu, vya haraka, kama mahindi yanayopasuka kwenye kikaango. Macho ya mzee hayakuwa yanafika kule.

"Wanaelekea wapi?" aliniuliza. Hakuuliza ukuta.

"Kulia, baba."

Hakuna iliyoanguka. Zilizunguka juu ya mto zote, ndogo, nyeupe, zikapita, na baada ya kupita moshi ukapanda upande wa soko. Alikuwa amenishika mkono na nikamwacha, na tukaitazama njia inayopanda kutoka bondeni mpaka macho yakaniuma.

Bibi alitokea pale kwenye kona ya chini kabla jua halijazama. Alikuwa anatembea, na hakuwa na kikapu. Khanga yake ilikuwa na damu ambayo haikuwa yake. Alipotufikia alitutazama benchini, akaitazama mikono yetu, akavuta pumzi ya mtu aliyepanda mlima.

"Sekela hayupo," alisema. "Nimemfunika mimi mwenyewe."

Hakuniambia mimi wala hakumwambia mumewe. Alisema tu. Kisha tukasikia gari likipanda, na sote tulijua ni la nani. Bibi akanishika bega, akaninyanyua kutoka kwenye benchi kwa nguvu ambayo sikujua anayo, akanigeuza niutazame ukuta wa nyumba.

Kanali aliteremka na askari mmoja. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, imechoka tu kama zote za mwezi ule. Akasema sauti ya Mzee Mwakibete imesikika mpaka makao makuu na hilo halina mjadala, mzee aingie garini. Akasema pia kwamba ndege zetu zote zimerudi salama, na akalisema kama mtu ambaye hajui alipeleke wapi. Kisha akauliza nani aliyefungua redio, na nani aliyemshikia kitufe, maana yeye mwenyewe amemwona mzee akishindwa hata kubeba kikombe.

Nilifungua mdomo, lakini Bibi alikuwa ameshasimama kati yetu, mahali alipozoea kusimama.

"Kanali, hawa wawili hawasemezani," alisema. "Wala mkwe hamshiki baba mkwe mkono. Si ulicheka wewe mwenyewe ulipoambiwa? Redio ya karakana mimi ndiye niliyeifungua, kabla sijaenda sokoni. Niandike mimi."

Kanali hakumwandika. Nadhani alitazama damu kwenye khanga yake, na mgongo wangu, na mzee aliyekaa upande wa pili wa benchi amegeuza uso. Mwishowe akasema atakuja kesho kuongea na injinia, na askari akamwongoza mzee garini.

Lilikuwa gari la juu, lenye kishikio cha kujivutia. Nilisikia kiganja chake kikigonga bodi, kikitafuta kishikio, kikikikosa. Kilikuwa kinatafuta kushoto. Kishikio kilikuwa kulia, na hatua tatu tu zilinitenga na mkono ule, na sikuweza kugeuka. Nilisimama nimeutazama ukuta nikisikiliza, mpaka Bibi alipokwenda kumsaidia.